Lamu, Mombasa au Malindi: uanze na mji upi wa kale katika Pwani ya Kenya?

Likizo ya Agosti ikikaribia, walimu wa historia na wazazi hujikuta na swali lile lile: nauli ni ya safari moja, watoto wapelekwe mji upi wa kale? Jibu hutegemea umemuuliza nani. Mwamu atakwambia Lamu ndio mji, kwingine kote ni sokoni. Mmvita, mtu wa Mombasa, atakutajia Ngome ya Yesu kabla hujamaliza kuuliza. Wa Malindi ataanza na Vasco da Gama na kumalizia na twiga aliyepelekwa Uchina. Wote watatu wana haki ya kujisifu, na kila mmoja ana jambo analoliruka.

Hapa chini nimeiweka miji hiyo mitatu pamoja. Malindi nimeihesabu na magofu ya Gede, kwa kuwa yako kilomita kama 15 tu kutoka mjini na ni hasara kwenda kule ukaacha huku. Kilwa na Unguja hazimo. Zinastahili ulinganisho wao peke yao, na msomaji wa Tanzania akinuna nitamwelewa.

Vigezo

Nimetumia vinne. Kwanza, mwanzo wa mji: wenyeji wanausimuliaje, na ardhi ikichimbwa inatoa nini. Pili, kilichobaki cha kuonekana kwa macho. Tatu, uzito wa mji katika historia ya eneo zima, nje ya sifa wanazojipa wenyewe. Nne, kufika na kuongozwa, maana gofu bila msimulizi ni mawe tu.

Sikuweka kigezo cha "upi ulitangulia wote", na nina sababu. Ukitumia hicho peke yake, hakuna kati ya hii mitatu utakaoshinda. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na watu na msikiti tangu karne ya 8. Msikiti huo ulianza kwa miti, ukajengwa upya mara kadhaa hadi ukawa wa mawe ya matumbawe. Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Lamu, ilikuwa ikipokea bidhaa za Ghuba ya Uajemi katika karne ya 9. Leo zote mbili ni mahame. Kwa hiyo mji unaweza kuwa wa kale kwa kuanza mapema, au kwa kukaliwa bila kukatika, au kwa kuwa mahali ambapo mambo makubwa yalitendeka. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na ubishi mwingi wa barazani hutokana na kuyachanganya.

Mwanzo wa mji

*Mombasa.* Masimulizi yanawataja waanzilishi wawili: Mwana Mkisi, malkia wa kabla ya Uislamu, anayehusishwa na Kongowea; na Shehe Mvita aliyemfuatia, ambaye jina lake ndilo mji ulilojulikana nalo kwa wenyewe. Wenyeji wa asili bado hujihesabu kwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Kuna Miji Mitatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Na kuna Miji Tisa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Ukiyasoma majina hayo polepole utaona kwamba mengi ni ya miji mingine. Mombasa ilianzishwa mara moja, kisha ikaendelea kuanzishwa: mji wa kaskazini ulipovunjika, watu wake walishukia huku wakapewa mahali katika hesabu. Kwa maoni yangu orodha hii ni kumbukumbu nzuri kuliko tarehe yoyote, maana inaonyesha mji ulivyokuwa ukipokea wageni na kuwapa kauli.

Udongo nao umesema. Uchimbaji wa mwaka 1976 katika eneo la hospitali kuu ya Pwani ulionyesha makazi ya karibu miaka elfu moja. Na mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala usiku mmoja kisiwani akaandika alichokiona: watu wanaokula ndizi na samaki, nafaka ikitoka bara, na misikiti ya miti iliyojengwa madhubuti. Kilichomvutia zaidi kilikuwa mlangoni pa msikiti. Palikuwa na kisima kifupi, maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini, na kando yake mkeka mzito wa kufutia miguu kabla ya kuingia. Mwalimu akiwasomea wanafunzi hayo tu, wameshauona mji.

*Lamu.* Wazee husimulia makundi mawili, la Hidabu na la Weyuni, yaliyogombana hadi yakawa mji mmoja. UNESCO, ilipouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, iliuweka mwanzo wake karne ya 12. Ushahidi wa maandishi ni wa baadaye kidogo: Msikiti wa Pwani una tarehe ya 1370, na mwaka 1441 mwanachuoni mmoja wa Misri alikutana Makka na kadhi wa Lamu. Mji wenye kadhi wa kwenda kukaa na wanavyuoni Makka si kijiji cha wavuvi. Kilicho cha pekee kwa Lamu ni kwamba tangu hapo haukuhamwa. Mitaa ikajazwa, nyumba zikapandishwa ghorofa, lakini watu hawakuondoka.

*Malindi.* Huu ni mji ulioanzishwa mara mbili, na wasimulizi wengi hukutajia mwanzo mmoja tu. Malindi ya kwanza ilikuwa dola ya biashara iliyofikia kutuma twiga Uchina mwaka 1415, zama za safari za Zheng He, amiri wa bahari wa Uchina, na mnyama yule akapokewa Beijing kama ishara ya baraka. Miaka ya 1590 mtawala wake alihamia Mombasa chini ya Wareno, na mji ukanyauka mpaka ukabaki kichaka. Malindi ya pili ilianzishwa mwaka 1861 na Sayyid Majid, sultani wa Unguja, kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Mji unaoutembea leo umetoka kwa huo wa pili. Gede, kwa upande wake, ina kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399, ilikaliwa kwa karne kadhaa kabla na baada ya hapo, na ilikwisha kuhamwa katika karne ya 17.

Kilichobaki kuonekana

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na ndipo watu wengi wanapokosea kuchagua.

*Lamu* haina jengo moja la kukushangaza. Ngome yake, iliyokamilika 1821, ni ndogo, na kwa miongo mingi ilikuwa jela, hadi 1984. Cha kuona ni nyumba. Kwa nje ukuta ni mtupu, hauna dirisha la maana wala rangi. Unafika kwenye daka, baraza mbili za mawe zikitazamana mbele ya mlango wa kuchonga. Mgeni asiyejulikana haingii zaidi ya hapo. Ukikaribishwa, unapinda kona, kwa kuwa njia imewekwa ili mtu wa nje asione ndani, unatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wenye mwanga, kisha msana, ukumbi unaotazama ua huo, na nyuma yake vyumba vya ndani, kila kimoja kikiwa na giza na ubaridi kuliko kilichotangulia. Vyumba ni virefu na vyembamba, karibu mita 3 kwenda upana, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Mwisho kabisa ukuta umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vilivyowekewa vyombo vya kaure. Nyingi ya nyumba hizi za mawe ni za karne ya 18. Ukiweza kuingia moja tu, utaielewa jamii iliyoijenga: nani alikaa wapi, nani aliruhusiwa kuona nini.

Makumbusho ya Lamu pia yana siwa, zile baragumu kubwa za shaba na za pembe ya ndovu zilizopigwa kwenye harusi na sherehe za wenye mji. Usipite bila kuziona.

*Mombasa* ina jengo la kushangaza. Ngome ya Yesu ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Imeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ndani yake kila mtawala ameacha alama: michoro ya meli iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, baraza la Waomani lenye maandishi ya Kiarabu kwenye boriti, na athari za jela ya Waingereza, iliyofungwa miaka ya mwisho ya 1950. Kuna pia vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mji wa Kale unaoizunguka, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, ni mzuri kwa kutembea, lakini mgeni ajue kwamba roshani za mbao anazozipiga picha ni za karne ya 19 na mwanzo wa 20, na nyingi zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Mji wenyewe ni mkongwe kuliko nyumba zake.

*Malindi* mjini hapana mengi. Makaburi mawili ya nguzo karibu na Msikiti wa Juma, kanisa dogo la Wareno, na nguzo ya Vasco da Gama inayotazama bahari. Asubuhi moja inatosha. Gede ndiyo inayoibeba safari: kuta za mji mzima ndani ya msitu, msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu, na nyumba ambazo James Kirkman, aliyeanza kuchimba mwaka 1948, alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani, kama Nyumba ya Mkasi. Kaure za Kichina zilizotoka humo ni ushahidi wa kushika mkononi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Gede nayo iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ajabu yake ni kwamba Wareno, walioishi jirani kwa miaka mingi, hawakuitaja. Watoto hulipenda sana swali hilo, na kima wa Gede wanalisaidia.

Uzito katika historia

Kwa matukio, Mombasa haina mshindani, na mengi yake ni ya damu. Almeida, mkuu wa majeshi ya Wareno, aliichoma mwaka 1505. Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, waliivamia 1589. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani aliyechukuliwa akiwa mtoto, akalelewa na mapadri Goa, akabatizwa Dom Jerónimo na kurudishwa kuwa mtawala wa mfano, aliingia Ngomeni akamuua kapteni, akarudi kwenye dini ya wazazi wake, na kwa muda Ureno ikakosa mahali pa kuweka mguu mjini. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokufa ndani kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Baadaye wakaja Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliojitawalia Mombasa, kisha Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Maskati na Unguja, mwaka 1837. Mwaka 1875 Frere Town ilianzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ingalipo. Reli ilianza kujengwa hapa 1896, na mji ukawa makao makuu ya utawala wa Waingereza hadi 1905. Kenya kama dola ilianza na reli, na reli ilianza Mombasa.

Uzito wa Lamu ni wa namna nyingine. Karibu mwaka 1813 Wamazrui wa Mombasa wakishirikiana na Pate waliivamia, majahazi yao yakapwelewa Shela, na Waamu wakawashinda ufukweni. Ushindi ule ulikuwa na gharama: kwa kuhofia kisasi, Lamu ilimwomba Sayyid Said wa Maskati ulinzi, naye akapata mlango wa kuingilia Pwani nzima, mpaka akaishia Unguja. Kwa hiyo anayetaka kuelewa Mombasa ilivyoanguka 1837 lazima apitie mchanga wa Shela. Hata vita vya mashairi vilifuata njia hiyo hiyo, Muyaka bin Haji akirusha kutoka Mombasa na washairi wa Lamu wakijibu. Upande wa dini, mwanachuoni Habib Swaleh na Msikiti wake wa Riyadha waliifanya Lamu kituo cha elimu, na Maulidi ya Mfungo Sita bado huleta watu kutoka pwani yote.

Malindi uzito wake umekusanyika mahali pamoja: Aprili 1498. Mombasa ilimpokea da Gama kwa uadui, Malindi ikampokea kwa urafiki na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Waongoza wageni wengi watakutajia Ahmad bin Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, kuwa ndiye rubani. Wanahistoria wengi wamelikataa hilo na kumtaja Mgujarati. Urafiki ule haukuwa ujinga. Malindi ilikuwa na ugomvi na Mombasa, na ikaona imempata mwenye mizinga. Karne moja baadaye rafiki alimhamisha mtawala wake na mji ukafa. Ni somo kubwa la siasa, ila linahitaji mtu wa kulieleza, kwa kuwa pale nguzoni hutaona chochote zaidi ya msalaba na upepo.

Kufika na kuongozwa

Mombasa ndiyo rahisi: treni ya SGR hadi Miritini, kisha gari hadi mjini. Ngomeni waongozaji wako mlangoni. Patana kabla ya kuanza, na umwombe akuonyeshe baraza la Waomani na michoro ya askari, maana wenye haraka huziruka. Nenda asubuhi. Uwanja wa ndani hauna kivuli, na saa sita mchana watoto hawatasikia neno.

Malindi ni kama kilomita 120 kutoka Mombasa kwa barabara nzuri, matatu ziko siku nzima, na uwanja wa ndege upo. Kwa Gede shuka kijijini kwenye barabara kuu, ni karibu kutoka hapo.

Lamu inadai zaidi. Ndege hutua Manda, ukavuka kwa mashua. Kwa barabara ni safari ndefu kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Njia hiyo imewahi kuwa na matatizo ya usalama, kwa hiyo uliza hali yake wiki ile ile unayosafiri. Mjini ni miguu na punda. Muongozaji wa Lamu unayemtaka ni yule anayejulikana majumbani, atakayebisha hodi akaitikiwa. Mwenye kukutembeza Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kukuacha dukani hajakuonyesha mji.

Nani aende wapi

Darasa la wanafunzi arobaini na basi la siku moja au mbili: Mombasa. Ngome ina nafasi, ina vyoo, na inagusa mtaala karibu wote wa Pwani, kuanzia Wareno hadi ukoloni. Lamu haifai kwa kundi hilo. Nyumba ya watu haiingiwi na arobaini.

Familia yenye watoto wadogo: Gede, na Malindi kwa bahari ya jioni.

Mwanafunzi wa chuo anayeandika kuhusu jamii, ujenzi, ushairi au dini: Lamu, na akae. Siku mbili hazitamfaa. Akiweza afike wakati wa Maulidi, ila aweke chumba mapema mno. Anayeandika kuhusu dola, biashara ya kimataifa au ukoloni aanze Mombasa, halafu apande kaskazini.

Anayependa akiolojia kuliko majumba: Gede kwanza, na akipata mashua na mtu wa kumpeleka, Takwa kisiwani Manda au Shanga kisiwani Pate. Kwa Shanga aulizie maji kupwa na kujaa kabla ya kuondoka, na asitegemee kibao wala mlinzi wa kumweleza.

Mzee asiyeweza ngazi wala mwendo mrefu: Gede ina njia tambarare chini ya miti. Ngomeni atapata uwanja wa chini na jumba la makumbusho, aziache kuta za juu. Lamu apate nyumba ya kulala karibu na gati.

Na kwa aliyehama, anayerudi kutoka Ghuba au Ulaya akiwa na watoto ambao Kiswahili chao ni cha simu: ningesema Lamu, kwa sababu kule historia watazungumzishwa nayo barazani, haitasomwa kwenye kibao. Lakini kama asili ya familia ni Mombasa, aanze na mtaa wa bibi yao. Awaulize wazee ni taifa lipi kati ya yale kumi na mawili, ndipo awapeleke Ngomeni.